Evelina wa Iringa

Asubuhi ile Tumsifu alipopanda basi la kwenda Haneti, Yusra alikuwa amekaa mbele ya kompyuta namba nne akijifanya anasoma. Vidole vilikuwa kwenye kibodi, moyo ulikuwa barabarani. Kila aliyeingia pale intaneti kafe alimgeuzia shingo, kana kwamba mtu angeweza kwenda Haneti na kurudi kabla chai ya asubuhi haijapoa. Mapenzi humfanya mtu mzima awe mjinga kiasi hicho, na Yusra hakuwa wa kwanza.

Ijumaa ya wiki ile posa ingeletwa rasmi nyumbani kwao, nyuma ya soko. Mwenye kuileta alikuwa Abdulnasiri, waliyezoea kumwita Nasiri, mtoto wa shangazi yake, ambaye ndiye pia mwenye intaneti kafe ile. Baba alikwisha kusema kwamba damu ikirudi kwenye damu hakuna hasara. Mama alikwisha kuanza kuulizia bei ya mchele wa Mbeya. Kilichobaki ni neno la mzee Seleman, baba mkubwa, aliyehamia Haneti kulima ufuta. Katika ukoo wao, tangu enzi za mababu waliofika Dodoma na misafara ya biashara, binti haozwi mpaka kaka mkubwa wa baba atie neno lake. Tumsifu alikuwa amelifuata neno hilo kabla Nasiri hajalipata. Akirudi mikono mitupu, Yusra ataolewa na mwanamume aliyemwita kaka tangu utotoni, na atazeeka naye akiwa bado anajisikia kumwita kaka.

Tumsifu alikuwa karani wa Bunge, kijana wa Moshi, Mlutheri, mpole wa kutembea na mwepesi wa kucheka. Alizoea kuja pale saa ya chakula cha mchana kusoma barua pepe, na siku moja akamwonyesha Yusra kozi aliyoigundua huko mtandaoni. Ilikuwa ya kuanza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, nayo iliendeshwa bure na watu wa ng'ambo ambao hakuna mwanafunzi aliyewahi kuwaona sura. Kila wiki somo lilikuja kwa Kiingereza, na kila mwanafunzi alitakiwa awe na mwenzi wa masomo wa kuangalia kazi yake kabla haijapelekwa kwa mwalimu. Nyumbani waliposikia Yusra anataka kusoma kompyuta, walikunja uso. Waliposikia atasomea kwa Nasiri, wakaukunjua. Mama alisema huko hana wasiwasi nako, maana mwanawe atakuwa chini ya macho ya ndugu yake.

Naye alikuwa chini ya macho kweli.

Tumsifu alikuwa ameanza mapema na alikwisha kuwa na mwenzi wake, kwa hiyo Yusra alihitaji mtu mwingine. Siku ile ile aliyojiandikisha, mwanamke mmoja aitwaye Evelina, muuguzi wa Iringa kwa maelezo yake, alimwandikia kwamba na yeye ndiyo kwanza anaanza, na kwamba angefurahi kusoma na Mtanzania mwenzake. Yusra alifurahi mno. Wengine wote kwenye orodha ya wanafunzi walikuwa na majina ambayo hata kuyatamka hakuweza.

Evelina alikuwa na subira ya ajabu. Yusra alipoandika programu yake ya kwanza ya kujumlisha, akaipa mbili na tatu ikamletea ishirini na tatu, Tumsifu alicheka mpaka akashika ubavu. Evelina hakucheka. Alimwandikia taratibu kwamba mashine inachukulia kila unachoipa kuwa ni maandishi, mpaka uiambie kwamba hii ni namba. Akamalizia, "Usivunjike moyo, mdogo wangu. Hata mimi lilinisumbua usiku kucha." Maneno kama hayo yakimfikia mtu aliyezoea kuambiwa kwao kwamba hizo ni kazi za wanaume, humwingia. Kutoka programu wakahamia maisha. Yusra akaanza kumsimulia Evelina mambo ya Tumsifu, na Evelina akawa anauliza, na Yusra akawa anajibu.

Kulikuwa na mambo mawili matatu ambayo mtu mwenye akili zake zote angeyatilia shaka, ila Yusra wakati ule akili zake alikuwa amezigawa. Siku moja alikosea mzunguko, ile amri ya kurudia jambo, programu ikawa inaandika jina lake kwenye kioo bila kukoma, mistari ikipanda juu kama maziwa yanayofurika sufuriani. Alibonyeza kila kitu, wapi. Nasiri, ambaye kila siku alisema yeye kazi yake ni kuwasha na kuzima mashine tu, alinyanyuka kaunta, akainama begani kwa Yusra, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja na mistari ikasimama papo hapo. Yusra alipomuuliza amejulia wapi, akasema amebahatisha. Siku nyingine fyuzi ya nguzo ya umeme iliungua, giza likaingia mtaa wao tu, mji mzima una taa. Kesho yake Evelina akaandika, "Pole na giza la jana, somo limekatikia patamu." Yusra akajiambia kwamba mwaka huu wa mgao wa umeme, nani hajui kwamba kila mahali kuna giza. Akamjibu asante.

Kubwa kuliko yote lilikuwa lile la baba yake Tumsifu. Jumapili moja walikwenda Zuzu, wakakaa karibu na reli wakitazama mabehewa ya mizigo yakipita, na huko ndiko Tumsifu alikomwambia kwamba baba yake hakufa, kama alivyowaambia watu wote ofisini. Yuko gerezani. Alimuua jirani katika ugomvi wa mpaka wa shamba, Tumsifu akiwa darasa la sita. Alilia alipokuwa akisema, machozi ya kimyakimya ya mtu asiyezoea kulia mbele ya watu. Akamwambia Yusra, "Duniani sasa mnajua mama na wewe. Basi." Yusra alimshika mkono na kumwapia kwamba hilo litafia kifuani mwake.

Lilikaa kifuani wiki mbili. Likamlemea. Aliogopa kwamba kwao wakilijua watapata silaha, na aliogopa kulificha, na hakuwa na dada wa kumuuliza. Akamwandikia Evelina. Evelina alikawia siku nzima kujibu, kisha akajibu kwa upole uleule. Alisema siri hiyo asiitamke kwa yeyote. Alisema dawa ni kumpeleka Tumsifu kwa baba mkubwa, mzee wa shamba hana makuu, ataangalia utu wa kijana. Aende peke yake, bila mshenga, ili aonekane mnyenyekevu. Yusra alimpelekea Tumsifu ushauri huo kama wake mwenyewe, na Tumsifu akaomba ruhusa kazini.

Sasa ameondoka. Yusra alikuwa amemwandikia Evelina mara tu alipoketi, na hadi saa tano alikuwa bado akisubiri jibu, umeme ulipokatika.

Nasiri alikuwa amebandika karatasi nyeusi madirishani kuzuia jua, kwa hiyo umeme ukikatika pale ndani panakuwa kama ndani ya debe. Wateja wachache waliguna, wakatoka nje kungoja. Nasiri alipita mlango wa nyuma kwenda kuwasha jenereta. Yusra alibaki kidogo gizani akisikiliza kamba ya jenereta ikivutwa na kukataa. Kisha aliona kwamba si giza tupu. Kaunta ilikuwa inang'aa. Kompyuta ya Nasiri peke yake ilikuwa na betri ya akiba, na kioo chake kilikuwa kimebaki wazi.

Alikwenda pale kufuata mwanga tu. Alipofika aliyasoma maneno yake mwenyewe. "Dada Evelina, ameshaondoka. Niombee." Chini yake kulikuwa na jibu ambalo halijamalizika kuandikwa. "Usiwe na wasiwasi, mdogo wangu. Mzee Seleman ni" na hapo kijistari kilikuwa kinawaka na kuzima kikingoja aliyeondoka arudi.

Yusra hakuwahi kumtajia Evelina jina la baba mkubwa.

Alishika ukingo wa kaunta, akasoma tena, akitamani sana kuwa amekosea. Aliona aibu kwanza, kabla hata ya hofu. Yote aliyoyaandika yalimpita kichwani moja moja, yale ya busu la kwanza, yale ya kumwogopa Nasiri na kumwonea kinyaa, na yote hayo yalikuwa yamesomwa hapa, hatua tatu kutoka mgongoni mwake. Kisha akaikumbuka Zuzu, na hapo ndipo hofu ilipomshika.

Nasiri alirudi akijifuta mikono yenye petroli. Alimwona alipo, akakitazama kioo, akamtazama yeye. Hakushtuka. Alifunga mlango wa mbele taratibu, akageuza kibao upande wa *Tumefunga*.

"Nilijua iko siku," alisema. "Kaa, Yusra."

"Evelina ni wewe?"

"Ni mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza." Sauti yake ilikuwa tulivu, kama mtu anayemweleza mteja bei. "Nilitaka kujua humo ndani kuna nini unachokipenda namna hiyo. Nikajiandikisha. Kila somo nilikuwa nalisoma usiku kabla yako, Yusra, ili ukikosea niwepo. Mimi niliyeacha shule kidato cha pili. Hujui nimesumbuka kiasi gani."

Kuna wanawake ambao wangeguswa na maneno hayo, na hata Yusra, siku nyingine, kwa mtu mwingine, pengine yangemgusa. Lakini pale aliona tu mtu aliyekaa miezi yote akimtazama kisogo.

"Umewaambia nini kwetu?"

Nasiri alianza kupanga karatasi za kaunta.

"Kaka Nasiri, nimekuuliza. Umemwambia nini Munir?"

"Munir yuko Haneti tangu jana."

Munir alikuwa kaka yake Yusra wa kuzaliwa naye tumbo moja, mtu wa kwanza kucheka na wa kwanza kukunja ngumi. Aliwahi kumvunja mtu mkono kwa ubishi wa mpira. Yusra aliwaza barabara ile ya kaskazini, vichaka vyake na ukimya wake, na Tumsifu akishuka kwenye basi na shati lake jipya, peke yake, bila mshenga, kama alivyoshauriwa.

Basi alifanya kitu ambacho alikuwa ameapa hatakifanya. Alimwambia Nasiri kwamba ataikubali posa. Ijumaa akiulizwa hatakataa, na hatalia mbele za watu, na hatalitaja tena jina la Tumsifu maishani. "Mpigie tu Munir. Mwambie asimguse. Mpigie sasa hivi, nikisikia."

Nasiri aliitoa simu mfukoni. Aliitazama muda mrefu, na kwa mara ya kwanza uso wake ukabadilika. Aliiweka juu ya kaunta.

"Haneti hakuna mtandao," alisema.

Walitazamana. Huyu mtu aliyepanga kila kitu hakuwa amepanga jinsi ya kukisimamisha. Alianza kusema kwamba yeye alitaka wamtishe tu, arudi kwao, mambo yaishe, na Yusra akamkatiza akamuuliza kama Munir hamjui. Alimjua. Alichukua ufunguo wa pikapu.

Walipita Makutupora. Mizabibu iliisha, vichaka vikaanza, na vumbi jekundu likawa linaingia kwa kila upenyo. Yusra alikuwa amekaza macho mbele, kila basi linalokuja akiliangalia madirisha. Alimwomba Mungu kitu kimoja tu, amkute Tumsifu mzima. Hakuomba zaidi, kwa kuogopa kwamba akiomba mengi atanyimwa yote.

"Yule uliyekuwa unamwandikia ni mimi," Nasiri alisema ghafla. "Ulikuwa unanipenda, Yusra. Uliniambia mimi ni ndugu uliyemkosa maishani. Uliandika."

"Niliyemwandikia ni mwanamke, na hayupo."

Kidogo Nasiri akasema, kwa sauti ya chini, kwamba wakimkuta Tumsifu mzima atasema kila kitu. Atamwambia Tumsifu, atamwambia mzee Seleman, atamwambia baba, na aibu itakuwa yake peke yake. Yusra alimgeukia. Macho ya Nasiri yalikuwa mekundu, sijui kwa vumbi, sijui kwa lingine. Alimwamini. Alitaka sana kuwe na mtu wa kumwamini siku ile.

Waliliona gari la Munir likija, wakiwa wameanza kupanda vilima. Nasiri aliwasha taa, Munir akasimama pembeni, na Yusra aliruka chini kabla pikapu haijatulia. Tumsifu alikuwa kiti cha nyuma. Shati lake lilikuwa safi. Hakuwa na jeraha, hakuwa na vumbi kuliko msafiri yeyote, na Yusra alihisi kifua kikifunguka, akacheka na kulia kwa wakati mmoja, akashika mlango.

"Usiushike mlango wangu kwa nguvu," Munir alisema akiwa kwenye usukani, na kwa sauti yake ungedhani anatoka harusini. "Hatujamgusa mtu wako. Tunampa lifti. Baba mkubwa kampokea vizuri, kampa na maziwa. Mimi nilimuuliza swali moja tu mbele ya wazee, la baba yake. Kama kweli amekufa."

Yusra hakusikia vizuri maneno yaliyofuata. Alikuwa akimtazama Tumsifu, na Tumsifu alikuwa akitazama magoti yake.

"Tumsifu," aliita. "Nitazame."

Alimtazama. Afadhali angekuwa amepigwa. Macho yale yaliyokuwa yakimtafuta kila saa ya mchana sasa yalimwangalia kama yanavyomwangalia mtu uliyekosea ukamsalimia ukidhani unamfahamu.

"Wakati nasema ndiyo, ni kweli yuko gerezani, wazee wote wameacha kunywa maziwa," alisema polepole. "Nikawa nawaza ni nani. Mama hawezi. Sikutaka iwe ni wewe. Nimekaa humu nyuma njia nzima natafuta mtu wa tatu, na hakuna mtu wa tatu, Yusra."

"Yupo. Sikuwaambia wao. Nilimwambia Evelina, mwenzi wangu wa masomo, unamkumbuka? Nilikosea, nisamehe, nilikuwa natafuta ushauri. Evelina ndiye aliyesema. Na Evelina ni yeye." Alinyoosha mkono nyuma yake. "Ni Nasiri. Amekuwa akiniandikia kwa jina la mwanamke tangu mwanzo. Muulize. Amekuja kukwambia mwenyewe."

Munir aliguna. Alisema kwamba Nasiri alimwambia mambo hayo kayasikia kwa Yusra, na kumbe ndivyo, sasa hizi habari za Evelina zinatoka wapi.

Nasiri alikuwa ameshuka. Alisimama mbele ya pikapu yake, mikono nyuma, na upepo wa vilimani ukimpeperusha kanzu. Alimtazama Tumsifu aliyekuwa mzima. Alimtazama Munir, shemeji yake wa kesho. Alimtazama Yusra, aliyekuwa ametoa ahadi asubuhi ile pale kaunta, hatakataa, hatalia mbele za watu. Yusra aliiona ile fikra ikimwingia, akaiona ikikaa.

"Sema," Yusra alimwambia. "Uliniahidi."

"Mimi?" Nasiri alisema kwa upole, upole uleule wa kumsahihisha makosa yake ya kujumlisha. "Mdogo wangu, kompyuta zenyewe mimi najua kuwasha na kuzima tu. Huyo Evelina simjui."

Tumsifu alipandisha kioo cha dirisha. Alikipandisha bila hasira, kwa kukizungusha kidogo kidogo mpaka kikafika juu, na Munir akaingiza gia.